Baiskeli Si ya Mizigo Tu



Katika nyumba nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, baiskeli ni punda wa familia. Imebeba mahindi kwenda mashineni, madumu ya maji, magunia ya mkaa, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mama naye amekaa kwenye keria miaka yote, mtoto mgongoni, akitazama shati la baba. Mwezi huu tuzungumzie baiskeli ya namna nyingine: ile ambayo mama ameshika usukani mwenyewe, nyuma hakuna gunia, na safari yenyewe haina haraka.

Majira yake ni mwishoni mwa Mei. Mvua zimekatika, vumbi halijawa jingi, na baridi kali ya Juni na Julai bado haijatubana. Hapa Soweto tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu humchosha anayejifunza. Lakini ukipanda basi la kuelekea Iringa, ukasafiri zaidi ya kilometa 100 hadi Igawa, unakuwa umeshuka katika bonde la Usangu. Nchi ni tambarare, mpunga umeiva, na Mto Mbarali unapita taratibu kwenda kuungana na Ruaha Mkuu. Baiskeli ni nyingi huko, na ukiwa na wenyeji hukosi ya kuazima.

Sisi akina mama wa kanisani tumejiwekea sheria moja tu tunapoendesha kando ya mto: anayetangulia ni yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Hakuna wa kumpita. Akichoka, tunakaa kivulini, tunakula viazi vyetu na kunywa maji tuliyoyachemsha nyumbani. Kwa mwendo huo hata bibi mwenye wajukuu hufika, wala hakuna anayejiona mzigo kwa wenzake.

Jambo moja limetugusa. Mama akiulizwa hali yake kliniki, mbele ya meza, hujibu, "Sijambo." Lakini akiwa ubavuni mwa mwenzake, wote wawili wakitazama njia, bila mtu kumkazia macho, maneno hutoka. Hapo ndipo tunaposikia habari za usingizi uliopotea, dawa za presha zilizoachwa kwa kukosa nauli, au mtoto aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Yanayosemwa njiani hubaki njiani. Atakayeyapeleka sokoni atakuwa amemfungia mwenzake mdomo, pengine kwa maisha yake yote.

Mto wenyewe nao unatufundisha. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993, katika miaka mingi, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi unapopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji mengi kuchukuliwa huku juu. Kila anayechota ana haja ya kweli: mkulima ana mpunga, mfugaji ana ng'ombe. Lakini huko chini kuna viboko na samaki wanaoutegemea mto huohuo, na kuna Bwawa la Mtera na mitambo ya umeme ya Kidatu.

Mama wa nyumbani naye huchotwa na kila mtu. Mume ana haki, watoto wana haki, wakwe, kanisa na jirani vilevile. Hakuna mwenye nia mbaya kati yao, na hata hivyo mama hukauka. Bwana wetu alipowaona wanafunzi wake wamekosa hata nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pasipo watu wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Hakuwaita wavivu.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke kuendesha baiskeli ni aibu, au kwamba huharibu kizazi. Tuseme wazi: kizazi kimekaa ndani, kimezungukwa na mifupa ya nyonga, na kiti cha baiskeli hakikifikii. Maneno kama hayo si mapya. Huko Marekani Frances Willard, aliyekuwa rais wa umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi, alijifunza baiskeli akiwa na umri wa miaka 53, akaandika kitabu juu yake mwaka 1895. Siku hizo baadhi ya madaktari waliwatisha wanawake kwamba baiskeli ingewaharibu sura!

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili ya kiasi, na baiskeli ya polepole inahesabika humo. Hata hivyo yapo ya kuzingatia. Mwenye presha isiyotulia au maumivu ya kifua aonwe kwanza na daktari. Mjamzito asijaribu kujifunza, maana tumbo linapokua mwili hupoteza mizani, na hatari ni kuanguka. Aliyejifungua asubiri apone, na kama alishonwa au kupasuliwa aulize kliniki kwanza. Funga kanga vizuri isiingie kwenye mnyororo. Mtoto akibebwa nyuma, miguu yake ikingwe isiingie kwenye spoku, kwani huvunja kifundo mara moja. Na mtoni tutazame tu, tusiingie: maji yaendayo polepole na mifereji ya mashamba huweza kuwa na kichocho, na penye kina huenda pana mamba.

Je, nani atabaki na watoto? Baba yao. Mwambie mapema, kwa heshima, usimvizie siku yenyewe. Mwachie chakula ukiweza, lakini usiwaachie wote maelezo ya kurasa mbili. Jumamosi moja haitawadhuru. Wewe nawe utarudi jioni miguu ikiuma, sauti imelainika, nao wataona tofauti kabla hujasimulia lolote.

Polepole ndio mwendo, akina mama. Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.