Mshahara wa dada wa kazi ni deni, na liandikwe

Serikali ilipohamia Dodoma ilikuja na sheria zake zote. Wizara zikajengwa Mtumba, watumishi wakapanga na kujenga Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Iyumbu, na nyumba baada ya nyumba ikatafuta mtu wa kupika, kufua na kubeba mtoto. Mtu huyo hakutoka mbali. Alitoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Chemba, au upande wa Singida, Ikungi na Mkalama. Ni binti aliyemaliza darasa la saba akaona mwenyewe kwamba mtama uliobaki ghalani hautafika Machi.

Aliletwa na dalali. Huyu aghalabu si mgeni: ni shangazi wa jirani, ni mama anayefahamika stendi, mwenye namba za simu za mabosi wa mjini na za wazazi wa kijijini. Bosi humpa dalali chake, humtumia binti nauli, kisha huikata nauli hiyo kwenye mshahara wa kwanza. Binti anashika ufagio akiwa tayari anadaiwa. Mshahara umepangwa kwa mdomo, baina ya bosi na dalali, au bosi na mjomba, yaani watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao atakayeosha sufuria. Baadaye huja lile neno la upole, "nakutunzia", na miezi inapita.

Gazeti hili linasema wazi: huko si kusaidiana, ni kuvunja sheria. Na wengi wa wanaoivunja hapa Dodoma wanaamkia kwenye ofisi za kuitunga na kuisimamia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumsahau dada wa kazi. Kikomo cha kazi ya kawaida ni saa 45 kwa wiki. Kila wiki ana haki ya mapumziko ya saa 24, kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo, na masharti ya ajira yake lazima yawe kwenye maandishi. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Aliyefikisha 14 lakini hajatimiza 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku. Basi atueleze mkubwa mmoja: binti wa miaka 15 anayeamka saa kumi alfajiri kukuandalia chai, akalala baada ya wageni wako kuondoka, ni wepesi gani huo?

Kuhusu fedha, Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Kwa anayefanya kazi kwa ofisa ambaye ngazi yake inamstahilisha kuwa na mfanyakazi wa ndani, iliweka 200,000. Waliotunga amri walijua walichokuwa wakiandika. Mwalimu au muuguzi anayehitaji msaidizi ili naye aweze kwenda kazini aliwekewa kiwango chake; ofisa mkubwa akawekewa chake. Anayelipa cha mwalimu huku anapokea cha mkurugenzi hana pa kujificha.

Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na 50 kati yao. Pasipoti zilichukuliwa, mishahara ikazuiwa, siku ya mapumziko haikuwepo. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Serikali inataka mkataba wa anayekwenda Oman upitie TaESA, ofisi yake ya huduma za ajira, na ubalozini. Anayekwenda Ilazo hatakiwi kuwa na kitu ila begi.

Hata mkoloni, ambaye hatumsifu kwa lolote, alikuwa na karatasi. Chama cha wakulima wa mkonge kilipoanzisha ofisi yake ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, kijana wa Kinyaturu au Kinyiramba aliyepelekwa mashambani Tanga alikwenda na mkataba, na nauli ya kurudi ilikuwa juu ya mwajiri. Ulikuwa mkataba wa kinyonyaji. Lakini ulikuwepo.

Watasema binti anakula na kulala bure, "ni kama mwanangu". Mwanao hakatwi nauli, na asubuhi anavaa sare ya shule.

Afisa kazi hawezi kuingia sebuleni kwa mtu kama anavyoingia kiwandani, na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa ndani, ni vigumu kuandikisha wanachama walio nyuma ya geti. Kwa hiyo tusidanganyane na ahadi za ukaguzi. Kinachowezekana ni karatasi. Mtendaji wa kijiji aandike nani anaondoka, ana umri gani, anapelekwa na nani na nyumba ipi. Asiyefikisha umri azuiwe hapo hapo. Mwenyekiti wa mtaa apokee nakala ya mkataba binti anapofika. Dalali alipwe na mwajiri peke yake, kama Shirika la Kazi Duniani lilivyoelekeza katika kanuni zake za 2016: mfanyakazi asitozwe hata senti ili apate kazi.

Kwa wakubwa hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Kila mwaka viongozi wa umma hujaza tamko la mali na madeni na kulipeleka Sekretarieti ya Maadili. Mshahara "unaotunzwa" ni deni kama la benki, na kulificha ni kutoa tamko la uongo. Sekretarieti imuulize kila kiongozi nani anapika kwake, mkataba wake uko wapi, na mpishi huyo anamdai mshahara wa miezi mingapi. Mwisho wa kurudisha fomu ni Desemba 31.