Kiharusi, CT-Scan na Utepe Unaokatwa

Ipo hoja inayopendwa na wapanga bajeti: kwamba kupiga picha mishipa ya ubongo ya mgonjwa wa kiharusi ni anasa ya nchi tajiri, nasi tutosheke na vidonge vya shinikizo la damu na mazoezi ya viungo. Hoja hii ina sura ya busara, lakini haina mashiko.

Mwaka 2013 zilichapishwa tafiti tatu ambazo hazikuona faida ya kupitisha mrija mshipani ili kuondoa damu iliyoganda. Tiba hiyo ikakaribia kuzikwa. Ukiacha uduni wa vifaa vya wakati huo, mmoja wa tafiti hizo haukudai hata picha ya kuthibitisha kwamba mshipa mkubwa umeziba. Yaani huenda wengine walitafutiwa bonge lisilokuwepo! Mwaka 2015 Waholanzi wakatoa matokeo ya wagonjwa 500, kila mmoja akiwa amethibitishwa kwa picha. Baada ya siku 90, asilimia 32.6 ya waliotolewa bonge waliweza kujitegemea, dhidi ya 19.1 ya waliopata tiba ya kawaida pekee. Mwaka 2018 utafiti wa DAWN ukatumia picha kuwachagua waliochelewa kati ya saa 6 na 24: asilimia 49 kwa 13. Picha ndiyo iliyoonyesha nani bado anaokoleka.

Tusidanganyane, hata hivyo. Picha haimponyi mtu. CT-Scan ya kawaida, bila dawa ya kuonyesha mishipa, hutambua damu iliyovuja, lakini katika saa za mwanzo ubongo ulionyimwa damu unaweza kuonekana mzima kabisa. Na dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Picha inayosomwa kesho yake asubuhi ni kumbukumbu ya faili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria wagonjwa wapya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Kwa hiyo kabla waziri yeyote hajakata utepe mbele ya mashine nyingine, aulizwe hadharani: nani ataisoma saa nane za usiku? Dawa ya kuonyesha mishipa imetengewa fungu gani? Na mgonjwa asiye na bima atapigwa picha kwanza, au atapelekwa kwanza dirisha la malipo?