DARASA LA NYUMBANI: Kijitabu cha mvua kwa karatasi moja

Mvua za kwanza zimeanguka, masuku yamefika sokoni na maembe yako njiani. Juma hili tunawaletea kazi ya siku ya Jumamosi, wakati mvua inafungia watoto ndani: watengeneze kijitabu chao wenyewe juu ya majira haya.

Kwa nini kijitabu? Sisi walimu tunaona shida moja kila mwaka. Mtoto anajifunza kusoma shuleni, akirudi nyumbani hakuna kitu cha kusoma. Kaye yake ina masomo aliyonakili kwenye ubao, na mengi ni ya Kifaransa. Kusoma ni kama njia ya porini: isipokanyagwa, majani yanaifunika. Jina la Kakontwe linajulikana na wanajiolojia kwa sababu ya mawe yetu ya chokaa, lakini ni nani ameandika jinsi kambo anavyojua kama mvua imekaribia?

Hapa Katanga kazi hii si mpya. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Élisabethville, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huku habari za mji ule, jinsi zilivyosimuliwa na watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Kilikuwa kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena katika kitabu chake, na hata leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Namna ya kukunja

Tafuteni karatasi moja ya fotokopi, kreyo na makasi.

1. Kunjeni karatasi nusu mara tatu, kisha ifungueni. Mtaona vyumba vinane.
2. Ikunjeni nusu tena, ncha fupi ikutane na ncha fupi. Kateni katikati, kuanzia upande uliokunjwa mpaka kwenye alama ya kati. Msikate mpaka mwisho.
3. Ifungueni, muikunje kwa urefu wake. Shikeni ncha mbili, mzisukume zikutane. Pale palipokatwa patafunguka kama msalaba. Lazeni kurasa upande mmoja: kijitabu cha kurasa nane kimekwisha, bila gundi wala uzi.

Kurasa za kujaza

Jalada: jina la kijitabu, jina la mtoto, mwezi, na neno Kakontwe.
Ukurasa wa 2: dalili za mvua. Upepo, harufu ya udongo, kumbikumbi wanaoruka.
Ukurasa wa 3: chakula cha majira. Masuku, maembe, uyoga, lengalenga.
Ukurasa wa 4: shamba. Nani analima, mahindi yamepandwa siku gani, yameota baada ya siku ngapi?
Ukurasa wa 5: kujilinda. Kulala ndani ya chandarua, kuchemsha maji ya kunywa, kutosimama chini ya mti radi ikipiga.
Ukurasa wa 6: majina. Kitu kimoja kwa lugha zote za nyumbani: Kiswahili, Kisanga, Kiluba, Kibemba, na Kifaransa cha shule. Uyoga, champignon, na kambo anauitaje?
Ukurasa wa 7: neno la kambo. Mtoto amwulize jambo moja juu ya mvua za zamani, aliandike jinsi alivyolisikia.
Nyuma: swali moja kwa atakayesoma.

Kwa ukurasa wa uyoga, angalieni sana. Uyoga wenye sumu unaweza kufanana na ule wa kula, na picha ya mtoto haitoshi kuutambua. Aandike wazi: «Usichume bila mtu mzima anayeujua.»

Mtoto aseme kwanza, achore, halafu aandike. Mdogo ambaye hajaanza shule achore tu, na mkubwa wake aandike maneno yake. Msimkemee kwa herufi iliyopotea. Mwambieni asome kwa sauti, mara nyingi atasikia mwenyewe neno lililokosa kitu.

Kuna wamama wanaosema: «Sisi hatukusoma, tutasaidia nini?» Wamama, kazi hii inawahitaji ninyi zaidi. Mtoto anajua herufi. Ninyi mnajua udongo, mbegu na majani ya kupika. Akikusomea ukurasa wa shamba, wewe ndiwe utakayesema kama ni kweli au si kweli. Siku hiyo mtoto anaona kwamba elimu haikai shuleni peke yake.

Na tusikawie. Miti inakatwa kwa ajili ya makala, na wenye kwenda kutafuta uyoga na finkubala wanatembea mbali zaidi. Mtoto asiyefika porini na kambo wake atajifunza wapi majina hayo? Kambo naye hatakaa nasi siku zote.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama alete kijitabu kimoja. Wamama kumi wakibadilishana, kila nyumba itasoma vijitabu kumi, kwa bei ya karatasi moja moja. Vitieni katika mfuko wa plastiki visilowe. Mwezi wa tano, baridi ikianza, tutakunja karatasi nyingine kwa ajili ya kiangazi.

Kazi njema, wamama.