Celica au Silvia: Akiba ya Miaka Mitano na Magari Mawili ya Kale

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na suala la wosia na watoto wadogo. Litasubiri, kwa kuwa jambo tulilolishughulikia siku hizi kumi limetukalia kichwani, na tunajua kwamba nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zina kijana mwenye swali kama hili na baba mwenye jibu lake tayari.

Ilikuwa baada ya swala ya Isha, tukiwa tunafunga daftari la michango, alipotujia kijana mmoja wa msikitini kwetu. Ni fundi umeme aliyefanya kazi Muscat kwa miaka mitano. Akiba aliyorudi nayo ameigawa vizuri: amemjengea mama yake vyumba viwili, ameweka kando mahari na gharama za walima, na kilichosalia anataka kununulia gari. Hakutaka Noah wala Ipsum. Alitoa simu akatuonyesha picha mbili, moja ya Toyota Celica ya 1996, nyingine ya Nissan Silvia ya 1995, zote za milango miwili, zote zimeinama mbele kama mtu anayetaka kukimbia. "Ustadhi," akasema, "nichagulie moja, au uniambie niziache zote mbili."

Baba yake, ambaye ni mjumbe mwenzetu wa kamati, alikuwa amekwisha kutoa hukumu: gari la milango miwili ni la mtu asiye na ndugu. Tulicheka, lakini hatukukubaliana naye, na tulimwambia hivyo kwa adabu inayostahiki umri wake. Mtu aliyeanza na mama, akaweka mahari pembeni, na hakukopa kwa riba, hatudai maelezo ya kila senti iliyobaki. Tena bei ya kila moja ya magari yale ilikuwa chini ya bei ya Noah aliyokuwa akiipendekeza mzee. Hofu yetu ilikuwa kwingine. Akiba ya miaka mitano ya joto la Muscat inaweza kuyeyuka katika gereji kwa miezi mitatu, na harusi ikasogezwa mbele, na binti wa watu akabaki akisubiri kwao kwa sababu ya silinda hedi.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba tunasema kwa uzoefu. Gari letu la kwanza lilitufia karibu na Chalinze usiku, mkanda wa taimingi umekatika, nasi tulikuwa tumelinunua bila kuuliza swali hata moja kuhusu mkanda huo. Tulilipenda rangi.

Kwanza tueleze magari yenyewe. Celica hii na Silvia hii zilitoka Japani mwaka mmoja, 1993, zikishindania mnunuzi yuleyule: kijana mwenye kazi, asiye na watoto bado. Jina la Celica lilianza 1970, na sisi wa Afrika Mashariki tulilijua kwa vumbi lake. Celica zilishinda Safari Rally ya Kenya mara nyingi katika miaka ya 1980 na 1990, na mwaka 1994 aliyeishinda ndani ya Celica alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Hapo ndipo wauzaji wanapopatia la kusema. Watakuambia, "Hii ndiyo iliyoshinda Safari." Siyo. Celica ya mashindano ya miaka ile ya tisini ilikuwa GT-Four, yenye turbo na magurudumu manne yanayosukuma. Nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni Celica za kawaida, zinazosukumwa na magurudumu ya mbele, bila turbo. Soma namba ya chasisi: ikianza na ST202 ni ya kawaida, ikianza na ST205 ndiyo GT-Four. Kijana wetu alikuwa ameonyeshwa ST202 iliyobandikwa jina la GT-Four nyuma. Jina la kubandika linauzwa dukani, lakini lilitufanya tuanze kumtazama muuzaji kwa jicho jingine.

Silvia nayo ina udanganyifu wake. Ile yenye turbo, inayoitwa K's, ina nguvu-farasi 220; ile isiyo na turbo, Q's, ina 160. Celica ya SS-II aliyokuwa akiitazama ina zipatazo 180. Silvia husukumwa na magurudumu ya nyuma, na hiyo ndiyo sababu duniani kote inapendwa na vijana wanaoteleza na gari pembeni huku matairi yakifuka moshi. Kwa mnunuzi hilo ni onyo. Silvia nyingi zimeteswa. Tazama matairi ya nyuma kama yamelika kuliko ya mbele, na uliza kama difu imechomelewa, maana wapo wanaoichomelea ili magurudumu yote mawili yazunguke sawasawa. Difu ya namna hiyo hugoma kwenye kona za mjini, na tairi hulia unapogeuza gari polepole.

Kuna jambo la bei pia ambalo wengi hawalijui. Marekani huruhusu gari lolote kuingia nchini mwao likitimiza miaka 25, hata kama halikutengenezwa kwa kanuni zao. Kwa hiyo Silvia za katikati ya miaka ya tisini, zilizokuwa zikikaa minadani Japani bila wa kuziuliza, sasa zinagombewa na watu wa mbali wenye dola. Kwa upande wetu, Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8, na Tanzania huliongezea gari chakavu ushuru. Maana yake ni kwamba Celica au Silvia unayoiona hapa kwa kawaida iliingia zamani, imepita mikononi mwa watu kadhaa, na historia yake iko vichwani mwa watu hao, wala haiko kwenye karatasi ya mnada.

Kwa mahesabu ya mezani, tulimshauri achukue Celica. Injini yake ya 3S-GE ni ya ukoo uleule wa 3S-FE iliyobeba Carina, Caldina, Ipsum na RAV4 za kwanza, na hakuna fundi wa Toyota hapa Dar es Salaam asiyeijua. Si kila kitu huingiliana, maana kichwa cha injini ya GE ni tofauti, lakini vifaa vingi vya chini hupatikana. Silvia yenye SR20 ina cheni badala ya mkanda, na hilo ni jema. Baadhi ya vifaa vya injini yake vinafanana na vya Primera na Bluebird. Ila vya bodi, taa za mbele hasa, utavitafuta mpaka uchoke. Tulimwambia kijana haya yote kwa kujiamini, kama mtu anayesoma taarifa ya mapato na matumizi iliyokwisha kukaguliwa.

Kisha tukaenda kuyaona.

Celica ilikuwa hapa Dar, karibu na bahari. Tulifika asubuhi, tukaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Lilikuwa la moto. Muuzaji alikuwa ameliwasha kabla hatujafika, na mwenye kuwasha gari mapema mara nyingi hataki ulisikie likiwaka likiwa baridi. Tulitafuta karatasi ndogo ambayo mafundi wa Japani huibandika ndani ya injini kuonyesha mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwa kilomita ngapi. Haikuwapo. Mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na dashibodi ilisoma 143,000, nayo dashibodi si shahidi mwadilifu. Rangi ya mlango wa kushoto iliachana kidogo na ya ubavu. Tuliinama tukaona kutu imekula ukingo wa sakafu, chumvi ya bahari imefanya kazi yake. Haya yote yangeweza kujadiliwa katika bei. Lililotutoa pale ni jingine: tulipoomba gari lipelekwe gereji jirani linyanyuliwe, fundi wetu alitazame kwa dakika ishirini, kwa gharama yetu, muuzaji alikataa. Alisema wanunuzi wengine wanakuja mchana. Tukamwambia tunawaombea heri.

Kijana alikuwa kimya ndani ya daladala. Alikuwa amekwisha kujiona katika gari lile.

Silvia ilikuwa Morogoro, kwa mwalimu mstaafu. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha uji kwanza. Gari lilikuwa chini ya turubai, na boneti ilikuwa baridi. Kabla hatujauliza, mzee alisema, "Wanangu, lina kasoro tatu, niwaambie msije mkanilaumu. Bushi za mbele zimekwisha. Kioo cha kulia hakishuki. Na taa ya kushoto ilipasuka, hii iliyopo niliisubiri miezi minne." Akatoa bahasha ya risiti: oili, plagi, rejeta, klachi iliyobadilishwa miaka miwili nyuma. Akaongeza kwamba si ya turbo, "ni ile ndogo," na kwamba kuna aliyemshauri abandike jina la K's ili apate bei, naye hakuona sababu.

Mzee yule si Muislamu, na hatukwenda kumfundisha fikihi ya biashara. Sisi tuliosoma mlango wa biashara chuoni tunajua kwamba muuzaji anawajibika kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha. Tumeyaandika hayo katika mitihani. Siku ile tuliyaona yakitendwa na mtu anayemimina uji, na tukaona haya kidogo kwa kukumbuka baadhi ya magari yaliyouzwa uani kwa msikiti wetu baada ya Ijumaa.

Gari liliwaka baridi bila moshi wa bluu. Tulifungua kifuniko cha oili. Hapakuwa na utando mweupe unaoonyesha maji yamechanganyika. Cheni haikupiga kelele. Mzee mwenyewe alitupeleka gereji, likanyanyuliwa. Chini palikuwa pakavu, kutu ndogo tu kwenye bomba la moshi, maana Morogoro haina chumvi. Namba ya chasisi na ya injini zililingana na kadi. Difu ilikuwa nzima. Tuliingiza namba ya gari katika mfumo wa polisi kwenye simu, tukakuta faini moja ya mwendokasi haijalipwa. Mzee alicheka akasema ni ya mjukuu, akailipa palepale.

Basi mahesabu yetu ya mezani yakapinduka, na tulimwambia kijana waziwazi kwamba tulikosea. Tulikuwa tukilinganisha Celica zote na Silvia zote, hali yeye ananunua gari moja. Vifaa vya Silvia vitaendelea kuwa adimu. Hilo halijabadilika, na atalazimika kuweka kando fedha za vifaa kila mwezi kama anavyoweka kodi. Akikosa nidhamu hiyo, risiti za mzee hazitamsaidia. Bima nayo akate kubwa, kama atapata kampuni itakayolikubali gari la umri ule, na aulize hilo kabla ya kulipa.

Alitaka kulipa siku ileile. Tulimzuia. Tuliomba khiyari ya siku tatu, tukamweleza mzee kwa Kiswahili cha kawaida: kijana aache sehemu ya fedha, akirudi nyuma ndani ya siku hizo arudishiwe, akinyamaza zikapita bei imethibiti. Mzee alikubali, tukaandika karatasi mbili na mashahidi wawili. Bei ikapungua kwa gharama ya bushi na kioo. Ya taa hakupunguza, kwa kuwa taa ilikuwa imekwisha kupatikana, na tuliona ana haki.

Siku ya tatu, Jumamosi, kijana alirudi Morogoro na wazazi wake wote wawili. Mama alitaka kulikalia kwanza. Ana maumivu ya goti, na kiti cha chini namna ile kilimpa taabu kushuka, lakini si kupanda. Alisema akiwa mbele anaweza. Nyuma wampeleke watoto. Fedha zilihamishwa kwa benki, mkataba ukasainiwa, na maombi ya kubadilisha jina la kadi yakaanzishwa kabla ya kuondoka, kwa sababu tulimwambia asiendeshe hata siku moja gari lenye jina la mtu mwingine zaidi ya lazima.

Nasi tulikuwa tumebaki mjini na daftari la michango. Tulisimuliwa tu kwamba baba, yule wa gari la mtu asiye na ndugu, alikaa nyuma kutoka Msamvu hadi Kibaha magoti yakiwa kifuani, na hakulalamika ila mara moja, kwenye matuta. Jana baada ya Alasiri alituuliza kama kiti cha mbele kinaweza kusogezwa zaidi.