Mavuno hayajaisha mpaka yafike soko: tufunge bati na portebagaji kwenye kinga zetu



Kila mara katika gazeti hili tunaandika juu ya mbegu, mbolea na mistari. Tunawaambia: acha sentimetri 75 kati ya mistari ya mahindi, palilia mapema, kausha vizuri. Yote iko kweli. Lakini sisi ma-agronome tuko na kosa moja, na leo tunalisema wazi: tumefundisha shamba, tumesahau njia. Mavuno yanatoka shambani mazuri, halafu yanaharibikia juu ya kinga.

Angalieni asubuhi ya siku ya posho pale Fungurume, kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi. Malori ya shaba, ya asidi na ya chokaa yanapita mfululizo. Pembeni kabisa, kwenye udongo mwekundu, ndiko wakulima wanapita na kinga. Saki ya mahindi imelazwa juu ya kadre, beseni ya nyanya imefungwa juu ya kiti, na yote inashikwa na vipande vya mpira wa ndani uliozeeka. Kinga nyingi hazina bati za magurudumu. Ziling'olewa zamani, ao hazikuwako tangu kununuliwa.

Wakati ya vumbi mtu anavumilia. Mvua ikianza, gurudumu la nyuma linarusha maji na matope chini ya saki, kwenye mnyororo na mgongoni mwa mwenye kuendesha. Hapo tuko tunapoteza kitu ambacho hatukioni. Mahindi yaliyokauka mpaka asilimia 13 yanaweza kukaa ghalani. Yakilowa njiani na kufungiwa na unyevu, kuvu inaingia, na kuvu nyingine zinaleta sumu ambayo kupika bukari hakuiondoi. Kazi ya majuma mawili ya kuanika inaweza kuharibika katika safari moja.

Mvua iliyopita tulitembea na mama mmoja wa kikundi tunachosaidia. Alikuwa anasukuma kinga na beseni mbili za nyanya. Kwenye shimo moja mpira ulikatika, kipande kikaingia katika rayo, gurudumu likafunga mara moja. Mama alianguka upande wa barabara, na lori lilikuwa linakuja. Dereva aliona, akakwepa. Mama aliumia goti tu, Mungu asifiwe. Nyanya zote zilibaki chini, na deni ya mbegu ilikuwa inangoja kulipwa mwisho wa mwezi. Ile kinga ilitoka katika mradi mmoja uliogawa kinga bila portebagaji ili kupunguza bei. Walipunguza bei ya kinga, mama akalipa tofauti.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: koperative isinunue tena kinga ya kubeba mavuno kama haina bati mbili na portebagaji ya chuma. Na kinga ambazo tuko nazo, tuzitengeneze kabla ya mvua.

Portebagaji nzuri inasimama juu ya miguu miwili inayoshuka mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, karibu na ekseli. Uzito unashuka pale, hauning'inii kwenye bulo moja chini ya kiti. Zile nyepesi za alimini zinazokuja na velo za Ulaya, nyingi zimetengenezwa kwa kilo 25 tu. Saki ya kilo 50 itazivunja. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza ya chuma cha kujengea, na kuongeza vyuma viwili pembeni ili mzigo usiguse rayo. Mzigo mzito ukae chini, ugawanywe sawa kushoto na kuume.

Tuangalie pia velo za mbio, zile za mipira membamba zinazouzwa okazyo. Ni nyepesi na zinapendeza vijana. Lakini mara nyingi kadre yao haina matundu ya kufungia portebagaji, na kati ya mpira na fre hakuna nafasi ya bati. Kwa kwenda masomo, sawa. Kwa kubeba saki, hapana.

Wengine watatujibu: "Bati zinajaza matope, gurudumu linakataa kuzunguka, njo maana tulizing'oa." Wako na haki. Bati iliyofungwa karibu sana na mpira inafanya vile, zaidi katika udongo wetu wa kunata. Dawa ni kuipandisha: kidole kimoja na nusu kipite kati ya bati na mpira. Chini ya bati ya mbele, ongeza kipande cha mpira wa zamani kining'inie, matope yasirukie miguu na mnyororo. Na kijiti cha kukwangulia kikae kwenye kinga siku zote.

Wengine watasema: tungoje piki-piki. Piki-piki ni nzuri, lakini inakula esansi kila siku, hata siku ambayo bei ya nyanya imeanguka. Kinga inangoja bila kula.

Wenzetu walishaelewa. Kule Goma, chukudu ni ya mbao, na karibu mwili wake wote ni mahali pa mzigo. Jirani zetu wa Zambia wanatumia kinga za Buffalo za World Bicycle Relief, shirika lililoanza mwaka 2005. Portebagaji yake ilitengenezwa kwa kilo 100. Walioitengeneza walianza na mzigo, halafu wakafikiri kinga.

Tunaomba komite ziweke mambo matatu katika mkutano mkuu unaokuja. Kwanza, kuhesabu kinga zote za wanachama na kuandika zipi hazina bati na portebagaji. Pili, kupatana bei na fundi mmoja kwa kazi ya wote, kwa sababu kumi pamoja wanapata bei ambayo mmoja hapati. Tatu, kukopesha feza ya kazi ile kutoka katika kasha ya koperative, ilipwe kisha kuuza, kama tunavyofanya kwa mbegu. Na kila juma, kabla ya siku ya soko, kila mtu akaze bulo zake.

Nasi ma-agronome, tukifika kutembelea shamba, kuanzia sasa tutauliza pia: kinga iko wapi? Tuione.