Anayekufa Aulizwe

Nilimuua kuhani wa rafiki yangu kwa kupanga foleni vibaya.

Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, mimi nikiwa msimamizi wa mchezo. Kuhani aliishiwa pointi za uhai, zimwi likampiga tena akiwa chini. Kwa kanuni, pigo la karibu namna hiyo huhesabiwa kushindwa mara mbili. Mara ya tatu ni kifo. Zamu yake ilipoanza, mambo matatu yalitakiwa kutokea kwa pamoja: arushe dadu la kifo, wingu la sumu limuumize, na uchawi wa kuponya aliojifanyia kabla ya vita umrudishie pointi moja.

Nikasema, "Sumu kwanza." Akafa. Miaka miwili ya mhusika yule ikaishia hapo.

Uponyaji ungetangulia, angeamka na kushindwa kwake kote kungefutwa. Sumu ingemwangusha tena, ndiyo, lakini angeanguka na hesabu safi. Sumu ni ileile, pointi ni ileile. Tofauti ni kipi kimetangulia.

Wasimamizi wengi hujitetea kama nilivyojitetea mimi: mwamuzi ni mmoja, na mchezo usio na kifo ni wa watoto. Upuuzi. Hatari ilikuwepo tayari; zimwi lilikuwepo, wingu lilikuwepo. Mimi sikuongeza hatari yoyote. Nilichagua matokeo, kisha nikayaita kanuni.

Na kanuni ipo. Xanathar's Guide to Everything ya 2017 iliileta kama ya hiari: mambo yakigongana katika zamu ya mhusika, anayemchezesha ndiye anayepanga kipi kianze. Player's Handbook ya 2024 nayo inampa uamuzi mwenye zamu. Mtasema huo ni upendeleo kwa mchezaji. Mbona zimwi nalo lina zamu yake, na hapo mpangaji ni msimamizi? Sijamsikia msimamizi hata mmoja akiulalamikia upendeleo huo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mezani kwangu sasa anaulizwa: uji kwanza, au sumu kwanza?

Rafiki yangu hakubishana usiku ule. Aliikunja karatasi ya kuhani wake mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kama bado kuna chai.