Ushirikiano wa mitandao ya usambazaji maudhui na hali ya Mwanza

Ushirikiano wa mitandao ya usambazaji maudhui ni hali ambapo makampuni yanayohifadhi nakala za video, picha na programu karibu na watumiaji hutumia kwa pamoja seva, nyaya au majengo. Video iliyopakiwa Marekani huletwa mara moja, huwekwa kwenye seva ya jirani, na watazamaji wanaofuata huipata hapo hapo.

Nchini Tanzania "jirani" mara nyingi ni Dar es Salaam. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zinaingilia hapo, na hapo ndipo kilipo TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilichoanzishwa mwaka 2004 na watoa huduma kupitia chama chao, TISPA. Mwanza iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mkongo wa Taifa unafika huko, lakini pasipo nakala ya karibu, mtoa huduma mdogo hulipia usafiri wa kila video kutoka pwani, hata kama ni somo lile lile linalotazamwa na darasa zima Nyegezi usiku mmoja. Gharama hiyo huishia kwenye bei ya bando.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisaidia kuanzisha vituo vya kubadilishana mikoani, Mwanza ikiwemo. Kituo peke yake hakitoshi. Watu wa Mwanza hawatumiani data nyingi wao kwa wao; wanataka video, na makampuni makubwa huweka seva pale tu ambapo matumizi yamefikia kiwango fulani. Watoa huduma wadogo wakiunganisha wateja wao kwenye seva moja ya pamoja, kiwango hicho hufikiwa mapema zaidi. Hapa ndipo ushirikiano una faida ya kweli, kuliko kusubiri kila kampuni ikue peke yake.

Mitandao yenyewe kugawana kazi ni jambo gumu zaidi. Shirika la IETF, linaloandaa kanuni za kiufundi za intaneti, lilieleza tatizo hilo katika waraka wa 2012. Maudhui mengi husafiri yakiwa yamefungwa kwa siri, hivyo kumwachia mwingine kuyagawa huhitaji kumwamini na funguo, au kubuni njia ya kukwepa hilo.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Nakala zilizo nchini husaidia siku kama hiyo, ila si kikamilifu: seva nyingi bado huuliza ng'ambo kabla ya kumruhusu mtumiaji.

Ziwa lenyewe linatoa njia nyingine. Kwa mstari ulionyooka Kampala, yenye kituo chake tangu 2001, iko karibu na Mwanza kuliko Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa unafika mpakani Mutukula. Kisumu nayo iko karibu kuliko Dar es Salaam. Kikwazo kikubwa ni bei ya kuvusha data mpakani, ambayo makampuni hupatana yenyewe.